Tukimshtaki mshindani kwa hataza, tutapoteza leseni za programu huria?

Swali: Kampuni yetu ina hataza (haki ya kipekee juu ya uvumbuzi) ya njia ya kubana data vipande vipande kabla ya kuisafirisha mtandaoni. Tumegundua kuwa mshindani wetu anaitumia njia hiyo na tunataka kumfikisha mahakamani. Tatizo ni kwamba bidhaa yetu imejaa programu huria (ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote). Tukizipanga kwa majina ya leseni zake, kuna gRPC (inayowezesha programu kuwasiliana mtandaoni) na maktaba nyingine za Apache 2.0, mbili za MPL 2.0, moja ya GPLv3, na nyingi za MIT. Mshauri wetu wa sheria anasema siku tutakayofungua kesi, leseni zote hizo zitakufa. Je, ni kweli? Pia tulikuwa na mpango wa kuuachia msimbo wetu wa kubana data uwe huria. Tuuwekee leseni gani?

Jibu: Si kweli kwa namna alivyolisema. Mnaweza kabisa kufungua kesi hiyo bila kupoteza chochote. Lakini sentensi moja ya ovyo katika hati ya madai inaweza kuwanyang'anya haki ya kusambaza bidhaa yenu wenyewe. Katika leseni mlizozitaja, kinachoamua si jina la mnayemshtaki. Ni kitu gani hasa mnachodai kuwa kinakiuka hataza yenu.

Tuanze na Apache 2.0, maana ndiyo mliyo nayo kwa wingi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Anayechangia msimbo chini ya leseni hii hutoa ruhusa mbili kwa mpigo. Kifungu cha 2 ni hakimiliki: nakili, badilisha, sambaza. Kifungu cha 3 ni hataza: ikiwa mchango wangu, peke yake au ukiunganishwa na kazi niliyouchangia, hauwezi kutumika bila kugusa hataza yangu, una ruhusa ya kuutumia bila malipo. Kisha kifungu hichohicho cha 3 kinaweka sharti. Ukifungua kesi ya hataza dhidi ya yeyote, ukidai kwamba kazi hiyo au mchango uliomo ndani yake unakiuka hataza moja kwa moja au kwa kusaidia ukiukaji, ruhusa zote za hataza ulizopewa kwa kazi hiyo zinakoma tarehe kesi inapofunguliwa.

Mambo matatu yamejificha humo. Kwanza, kinachokoma ni ruhusa ya hataza tu. Hakimiliki ya kifungu cha 2 inabaki, kwa hiyo hakuna atakayewaambia mfute nakala za gRPC kwa sababu ya kesi. Mnachopoteza ni kinga: mchangiaji yeyote mwenye hataza inayogusa kazi hiyo sasa anaweza kuwadai. Uzito wake unategemea wachangiaji ni akina nani. Maktaba iliyoandikwa na watu watatu wasio na hataza hata moja haiwapotezei kitu. Mradi uliochangiwa na kampuni zenye maelfu ya hataza ni habari nyingine kabisa.

Pili, kinachokoma ni kwa kazi ile tu. Mkiishtaki gRPC, ruhusa zenu za hataza kwa Kubernetes, ambayo nayo ni Apache 2.0, hazijaguswa. Hapa ndipo mshauri wenu alipoteleza: amechukulia leseni moja inayotumiwa na miradi elfu kuwa mkataba mmoja. Kila mradi una leseni yake, ingawa maneno ni yaleyale.

Tatu, hakuna njia ya kurudi iliyoandikwa. Leseni haisemi kwamba ukiondoa kesi mahakamani, ruhusa inafufuka. Wengine hudhani dawa ni kupakua nakala mpya kesho yake. Msitegemee ujanja huo, kwa sababu maandishi yanamtaja mtu aliyepewa ruhusa, si nakala aliyoipakua.

Sasa tuliangalie shauri lenu lenyewe. Tuseme dai la kwanza la hataza yenu (sentensi inayoeleza uvumbuzi unaolindwa) lina hatua nne: kugawa data, kuchagua kamusi ya kubania kila kipande, kubana, kisha kusafirisha vipande kwenye mtandao. Hatua tatu za mwanzo mshindani amezifanya kwa msimbo wake mwenyewe. Ya nne ameiachia gRPC. Je, mmeishtaki gRPC? Kwa usomaji wa kawaida, hapana. gRPC peke yake haitimizi hatua zote nne, kwa hiyo haikiuki moja kwa moja. Ili iwe imesaidia ukiukaji, sheria ya Marekani kwa mfano inataka kiwe kifaa kilichotengenezwa hasa kwa ajili ya ukiukaji huo, kisicho na matumizi mengine ya maana. gRPC ina matumizi chungu nzima.

Lakini mkiandika kwenye hati ya madai kwamba "bidhaa ya mdaiwa pamoja na vipengele vyake vyote inakiuka hataza", mmempa mdaiwa silaha bure. Atasema mmeitaja kazi ya Apache kuwa inakiuka, na mtaanza kubishana kuhusu hati yenu badala ya kubishana kuhusu hataza. Baadhi ya leseni zimeliona tatizo hili na kulimaliza kwa maandishi. EPL (leseni ya Eclipse) inasema kinachohesabiwa ni programu yenyewe, bila kuhesabu muunganiko wake na programu au vifaa vingine. OSL 3.0 (Open Software License) nayo ina maneno ya namna hiyo. Apache haina, hivyo hati yenu ndiyo iseme waziwazi ni moduli zipi zinadaiwa na zipi hazidaiwi.

MPL 2.0 ni laini upande mmoja na kali sana upande wa pili. Kifungu cha 5.2 hakihesabu madai kinzani (yale ambayo mdaiwa anamrudishia mdai) wala mashauri ya kuomba tamko la mahakama. Kwa maneno mengine, mkishtakiwa ninyi kwanza, mnaweza kujibu kwa hataza zenu bila kuadhibiwa. Ila mkianza ninyi, na mkadai kwamba toleo la mchangiaji yeyote wa programu hiyo linakiuka hataza moja kwa moja au kwa njia isiyo ya moja kwa moja, zinakoma haki zote za kifungu cha 2.1 kutoka kwa wachangiaji wote. Kifungu cha 2.1 kina hataza na hakimiliki pia. Mkiendelea kusambaza maktaba ile siku inayofuata, mnavunja hakimiliki, na hilo ni rahisi kulithibitisha kuliko ukiukaji wa hataza. Wateja ambao tayari mlishawapa leseni ya mtumiaji wa mwisho wanalindwa na kifungu cha 5.3. Wasambazaji na wauzaji wa rejareja hawamo katika ulinzi huo.

Watu wengi husoma kifungu cha 5.1 cha MPL 2.0, wakaona muda wa siku 30 wa kurekebisha kosa, wakatulia. Muda ule ni wa aliyeshindwa kutimiza masharti, kama vile kutotoa msimbo chanzo. Kifungu cha 5.2 kinasimama peke yake na hakina siku za rehema.

Kama mna msimbo wa zamani wenye MPL 1.1, uangalieni mara mbili. Kifungu chake cha 8.2 kina sehemu mbili. Ukidai kwamba toleo la mchangiaji linakiuka hataza, una notisi ya siku 60 ya kuondoa kesi au kukubaliana mrabaha. Lakini ukimshtaki mchangiaji huyo kwa programu au kifaa chake kingine chochote, hata kisichohusiana na mradi, ruhusa ya hataza aliyokupa inafutwa kurudi nyuma hadi siku uliyoanza kuutumia msimbo. Sehemu hiyo ya pili haimo katika MPL 2.0, na CDDL, leseni nyingine iliyozaliwa kutokana na MPL 1.1, haikuirithi. CDDL ilibaki na notisi ya siku 60.

GPLv3 inafanya kazi kwa mlango tofauti. Kifungu cha 10 hakisemi "leseni itakoma". Kinakataza: usifungue kesi, ikiwa ni pamoja na dai kinzani, ukidai kwamba kutengeneza, kutumia, kuuza au kuingiza programu hii au sehemu yake kunakiuka hataza. Kifungu cha 8 ndicho chenye adhabu: anayenakili, kubadilisha au kusambaza nje ya masharti hupoteza haki zote papo hapo, hakimiliki na hataza kwa pamoja. Hivyo hatari yenu ni kuendelea kusambaza huku kesi iko mahakamani. Habari njema ni kwamba hapa kuna njia ya kurudi. Mkiacha ukiukaji wote, haki zinarudi kwa muda. Na mwenye hakimiliki asipowapa taarifa ndani ya siku 60 tangu mlipoacha, zinarudi kwa kudumu. Kama ni mara yenu ya kwanza kupewa notisi na mwenye hakimiliki huyo, mkirekebisha ndani ya siku 30 baada ya kuipokea, mmesalimika. Kurekebisha hapa maana yake ni kuiondoa kesi, au angalau sehemu inayoigusa programu hiyo. Kwa anayeendesha programu ndani ya kampuni tu bila kuisambaza, kifungu cha 9 kinasema hahitaji hata kuikubali leseni, kwa hiyo hoja ya kumfunga kwa kifungu cha 10 inakuwa nyepesi.

MIT haina kifungu cha namna hii, basi hakuna cha kukoma.

Mpaka hapa nimezungumzia vifungu vinavyoilinda kazi yenyewe. Viko vingine vinavyomlinda mtu, na hivyo ndivyo vya kuogopwa. Apple katika leseni yake ya APSL 2.0 inaikatisha leseni kwa anayeishtaki Apple kwa hataza, hata kama kesi haihusiani na msimbo huo, ila kama Apple ndiyo iliyoanza. Faili ya PATENTS iliyoambatanishwa na React, maktaba ya Facebook ya kujengea kurasa za wavuti, ilikuwa na sura hiyohiyo. Julai 2017 Apache Software Foundation, taasisi inayosimamia miradi ya Apache, ikaweka mchanganyiko huo katika kundi la leseni zisizoruhusiwa kwenye miradi yake, na Septemba 2017 Facebook ikatangaza kuihamishia React kwenye MIT. Nakala za zamani bado zimo ndani ya bidhaa za watu. Tafuteni faili yenye jina PATENTS katika kila tawi la msimbo wenu, msitosheke na faili ya LICENSE pekee.

Kazi ya kufanya kabla ya kufungua kesi ni ya wiki chache, na ifanywe na wahandisi wakiwa wamekaa na mwanasheria meza moja.

Tengenezeni orodha ya kila kipengele cha programu pamoja na toleo lake na alama ya SPDX (jina fupi sanifu) ya leseni, kwa mfano Apache-2.0, MPL-2.0, GPL-3.0-or-later. Kosa la kawaida ni kukagua bidhaa peke yake. Anayepoteza haki ni kampuni nzima, kwa hiyo orodha iguse pia seva za ndani, zana za kujengea msimbo, mifumo ya majaribio na programu za ofisini. Fungueni kontena (vifurushi vya programu), angalieni faili za JavaScript zilizobanwa pamoja, na msisahau programu zilizochomwa ndani ya vifaa. Vipo vitu vilivyonakiliwa kwa mkono miaka mingi iliyopita ambavyo hakuna zana ya ukaguzi inayoviona kwa jina.

Kisha tengenezeni orodha ya mshindani. Leseni nyingi za programu huria humlazimu kutaja anachotumia, hivyo ukurasa wake wa notisi za leseni utawapa sehemu kubwa. Vitu vinavyoonekana katika orodha zote mbili ndivyo vya kushughulikia. Kitu anachotumia yeye tu hakiwapotezei ninyi haki yoyote mnayoitumia.

Hatua inayofuata ndiyo nzito: jedwali la madai ya hataza. Upande mmoja andikeni kila hatua ya dai, upande wa pili sehemu ya bidhaa ya mshindani inayoitimiza, hadi jina la faili au moduli kama mnalijua. Pale ambapo hatua inatimizwa na maktaba iliyo katika orodha zote mbili, wekeni alama nyekundu. Kama hatua moja kati ya nne ina alama, mna hali kama ya gRPC na mnaweza kuandika kwa uangalifu. Kama zote nne zinatimizwa ndani ya maktaba moja ya MPL 2.0 ambayo nanyi mnaisambaza, hamna njia ya maneno ya kukwepa. Chagueni kati ya dai jingine la hataza, kuibadilisha maktaba hiyo, au kuachana na kesi.

Kuibadilisha kunawezekana, ila iwe imekamilika kabla ya tarehe ya kufungua kesi, si baada ya hapo. Matoleo mliyosambaza zamani mliyasambaza mkiwa na ruhusa halali, na chini ya Apache wapokeaji wenu wana ruhusa zao za hataza moja kwa moja kutoka kwa wachangiaji, hivyo kesi yenu haiwavui wao.

Kuna njia ya mkato inayopendekezwa mara kwa mara: kuunda kampuni tanzu, kuihamishia hataza, iende kushtaki. Haisaidii. Apache 2.0 inahesabu kama mtu mmoja kampuni zote zilizo chini ya udhibiti mmoja, na umiliki wa asilimia 50 ya hisa au zaidi unatosha kuwa udhibiti. MPL 2.0 inataka zaidi ya asilimia 50. Hata chini ya viwango hivyo, uwezo wa kuielekeza menejimenti ya kampuni nyingine nao ni udhibiti.

Je, barua ya onyo inatosha kuviamsha vifungu hivi? Apache, MPL 2.0 na GPLv3 zinazungumzia kufungua kesi, na barua si kesi. CDDL inasema "kutoa dai la ukiukaji wa hataza", maneno yanayoweza kuifikia hata barua. Malalamiko kwa vyombo vya kuzuia bidhaa mpakani yahesabuni kuwa kesi, kwa usalama wenu. Mkishtakiwa ninyi kwanza, kumbukeni kwamba Apache, GPLv3, EPL na Artistic 2.0 zote zinahesabu dai kinzani. Kupinga uhalali wa hataza ya adui si tatizo, maana hamdai kuwa mtu amekiuka chochote chenu.

Kabla ya yote hayo, ulizeni swali ambalo mshauri wenu hakuliuliza: je, kuna mhandisi wenu aliyewahi kuchangia sehemu ya njia hii ya kubana data kwenye mradi wa Apache au GPLv3 kwa niaba ya kampuni? Kama yupo, huenda mlishatoa ruhusa ya hataza kwa kila mtumiaji wa mradi ule, mshindani akiwemo. Pitieni historia ya michango mkitumia anwani za barua pepe za kampuni, hata za wafanyakazi walioondoka. GPLv3 inakwenda mbali zaidi: kwa mchangiaji, ruhusa ya kifungu cha 11 inagusa pia hataza atakazozipata baadaye.

Hilo linatuleta kwenye mpango wenu wa kuuachia msimbo. Kama mnataka kifungu cha ulinzi, chukueni Apache 2.0 kama ilivyo. Msitunge cha kwenu, kwa sababu kampuni kubwa hukataa leseni ambazo wanasheria wao hawajawahi kuzisoma. Jueni tu kwamba Free Software Foundation, taasisi iliyotunga GPL, inahesabu Apache 2.0 kuwa haipatani na GPLv2 (misimbo ya leseni hizo mbili haiwezi kuunganishwa katika programu moja), na kifungu hiki cha hataza ni mojawapo ya sababu. Mradi wa LLVM (zana huria za kutafsiri msimbo kwa ajili ya kompyuta) ulilitatua kwa kuongeza msamaha maalumu juu ya Apache 2.0, nanyi mnaweza kuutumia huo. Leseni nyingine, BSD-2-Clause-Patent, inatoa ruhusa ya hataza bila kifungu cha kuikatisha, na ilibuniwa makusudi ipatane na GPLv2.

Lakini leseni yoyote kati ya hizo mtakayoichagua, mpango huo unagongana na kesi. Siku msimbo wenu utakapotoka chini ya Apache 2.0, mshindani anaweza kung'oa moduli yake, akaweka yenu mahali pake, na kuanzia hapo ana ruhusa ya hataza mliyompa wenyewe. Kitakachobaki mkononi mwenu ni fidia ya matumizi ya kabla ya siku hiyo. Kufungua kesi kwanza na kutoa msimbo baadaye hakubadilishi hilo. Kama mnataka amri ya kumzuia asiendelee, msimbo huo ubaki ndani hadi shauri liishe, na mtoe sehemu nyingine zisizotekeleza hatua za dai mnaloshtakia.